Diski Iliyolia Kama Kengele

Mguu wa mdogo wangu niliuvunja mimi. Sikuteleza, sikukosea, wala shetani hakunipitia kama watu wanavyopenda kusema wakishikwa. Niliinua nyundo ya marehemu baba, kilo moja na nusu, nikaishusha chini ya goti lake saa tatu asubuhi, mbele ya watu wawili, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Mnaotaka kunihukumu, nihukumuni. Lakini kaeni kwanza mnisikilize, maana wengi walionitukana hawakuniuliza hata swali moja.

Kwetu tuko watatu. Kaka ndiye wa kwanza, mimi wa pili, na kitinda mimba ni huyo niliyemvunja. Mtaa mzima unamwita Breki kwa sababu hana. Akishika usukani hajui kitu kinaitwa polepole. Mama alitutoka Breki akiwa hajaota meno, mimi nina miaka kumi na mmoja, na ni mgongo huu uliombeba, mikono hii iliyomlisha na kumwogesha. Kaka alimfundisha kuendesha gari. Baba alitufundisha sisi wawili wakubwa kupigana.

Sitanii. Nyumbani kwetu neno halikuisha bila kofi. Baba alikuwa fundi wa kusubu chuma, kukiyeyusha na kukimimina, mikono kama makoleo. Baba akimpiga Kaka, Kaka ananipiga mimi, na mimi namuuma Kaka. Jino hili la mbele mnaloliona ni la kununua. Langu lilibaki kwenye kiwiko cha Kaka siku tuliyogombea kiti cha dirishani. Breki peke yake hakuwahi kuguswa, si na baba, si na Kaka, si na mimi. Alikuwa mtoto wa mama, ndiye tuliyeachiwa.

Baba alipofariki karakana ikawa ya Kaka, na Kaka akaachana na chuma. Malori ya machimboni yanayoshuka milima na mawe mgongoni yalikuwa yanachoma diski za breki mpaka zinakuwa nyekundu, zinalegea, na gari linakwenda na dereva wake. Kaka akaenda kusoma miaka miwili, akarudi na matanuri mawili na kazi mpya. Kichwa alikuwa nacho, sitamnyima haki yake.

Kazi yenyewe ni hii. Unachukua kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kaboni, nyeusi, nyembamba kuliko unywele. Unakipanga tabaka juu ya tabaka kwa gundi, unakikandamiza kiwe diski. Unakichoma ndani ya tanuri lililofyonzwa hewa mpaka gundi yote igeuke mkaa wenye vitundu. Kisha unamwagia chembe za silikoni, unapandisha moto kupita digrii elfu moja na mia nne, silikoni inayeyuka, ule mkaa unainywa, na vikikutana vinakuwa jiwe. Kabidi ya silikoni. Ukilipitishia tupa, tupa ndiyo inayoisha. Ndani nyuzi, nje jiwe, na hata likiwa jekundu halilegei.

Matanuri yalikuwa yangu. Wafanyakazi waliniita Dada Tanuri, na si kwa ajili ya kazi tu.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kiliharibika. Kabla ya gundi, kabla ya chochote, zile nyuzi lazima zivishwe koti. Kitambaa kinakaa siku tatu kwenye tanuri dogo lenye gesi, na kila uzi unapata ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho. Koti lina kazi mbili. Kwanza linazuia silikoni iliyoyeyuka isile uzi. Pili linauacha uzi uteleze kidogo ndani ya jiwe. Jiwe likipata ufa, ufa unakimbia mpaka unakutana na uzi, uzi unateleza kidogo, ufa unachoka pale pale. Bila koti, uzi na jiwe vimeshikana mno, na ufa unapita katikati bila kuuliza. Huwezi kujua kwa kutazama. Unajua kwa mizani. Kitambaa kikivaa koti lazima kizidi uzito.

Wiki ile kilipungua. Nilikipima mara nne. Nikaenda kuangalia tanuri dogo, nikakuta mpira wa mlango umeungua upande wa chini, hewa imeingia, na hewa kwenye moto ule inakula koti na nyuzi pia.

Kaka alikuwa amesimama na Mshonaji, yule mama anayekata na kupanga vitambaa.

"Kaka, kitambaa kimepungua."

"Kimepungua nini?"

"Uzito. Koti halipo. Mpira wa mlango umeungua."

"Gramu ngapi?"

"Kumi na nane. Na ilitakiwa zizidi sitini."

Akamgeukia Mshonaji. "Umemsikia? Gramu kumi na nane! Sukari anayotia kwenye chai yake inazidi hapo." Akanirudia mimi. "Kitambaa kingine ni wiki tatu. Watu wa machimbo wanakuja Alhamisi ijayo, kuziona zikijaribiwa kwenye lori mteremkoni. Wakikosa kuona diski wanaenda kwa wengine, na hapa tunafunga milango. Choma."

"Basi waje wakute hakuna diski."

Kofi lile sikuliona likija. Nilijikuta nimekaa chini, sikio linavuma. Karibu yangu palikuwa na kopo la chembe za silikoni, nikamrushia lote. Lilimpata juu ya jicho, damu ikamtiririka mpaka shavuni. Mshonaji akashika kichwa chake. Kaka akajifuta kwa mkono wa shati, akaangalia damu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Choma."

Na mimi nikachoma. Mkinihesabia makosa yangu, hilo nalo mlihesabu. Nilijiambia kuna shahidi.

Shahidi ni kipande. Kila tukichoma diski tunaweka karibu yake kijiti cha kitambaa kilekile, kipite motoni pamoja, kije kuvunjwa. Kikivunjika kwa kung'ang'ania, nyuzi zikatokeza kama ndevu, kazi ni nzima. Utaratibu huo aliuleta Kaka mwenyewe alipotoka masomoni, akauandika ukutani kwa rangi nyekundu. Lakini ukutani kulikuwa na kitu kingine kinachoheshimiwa zaidi, nayo ni nyundo ya baba.

Baba alipokuwa akisubu, kila chombo alikitundika kwa waya akakigonga. "Chuma kizima hulia, chenye ufa hukohoa." Basi Kaka naye kila diski ikitoka tanurini aliitundika, wote tukasimama kimya, akaigonga kwa nyundo ile. Ikilia, tunapiga makofi, na shahidi anatupwa kwenye pipa bila kuvunjwa. Miaka sita hivyo. Hata mimi nilipiga makofi.

Jumanne ya wiki iliyofuata zikatoka diski mbili, za magurudumu ya mbele. Nyeusi, zinang'aa, hazina hata doa. Kaka akatundika ya kwanza. Akagonga.

Loo! Ililia. Ililia kama kengele, ikaendelea, Mshonaji akaweka mkasi chini, na makanika aliyekuwa chini ya lori akatoa kichwa nje. Ya pili ikalia vilevile. Watu wakapiga makofi. Kaka macho yalimjaa machozi.

"Baba angesikia hii," akasema. "Laiti angesikia hii."

Mimi safari hii sikupiga makofi. Diski zetu nzuri hulia, ndiyo, lakini sauti yake ina ukungu kidogo, hufa haraka, kwa sababu ndani zile nyuzi zinateleza na kuimeza. Hii haikumezwa na kitu. Ndani hamkuwa na nyuzi tena, mlikuwa na jiwe tupu.

"Imelia mno," nikasema.

Makofi yakakatika.

"Unasemaje?"

"Diski yetu hailii hivyo. Nyuzi zimeliwa, Kaka. Hiyo ni sahani."

"Kwa hiyo nyundo ya baba inadanganya?"

"Nyundo ya baba inajua chuma. Hiki si chuma."

Akamwita makanika, akamkabidhi nyundo kwa mikono miwili. "Nishikie." Halafu akanipiga ngumi ya tumbo. Nilikunjika, pumzi yote ikatoka, na nilipokuwa nimeinama nikauona mkono wake mbele ya uso wangu, nikaung'ata. Niliung'ata mpaka nikasikia ladha ya chumvi. Alininyanyua nao, akanibamiza ukutani, meno bado yamo. Makanika alitutenganisha kwa fimbo ya ufagio kama mtu anayeamulia mbwa.

Jioni ile nikaenda kwenye pipa nikamtafuta shahidi. Nikakibana kile kijiti kwenye jiliwa, nikakivalisha kipande cha bomba, nikavuta. Tak! Hakikung'ang'ania hata kidogo. Pale kilipovunjika palikuwa laini, ungedhani umevunja sahani ya chai. Nikatafuta kipande cha mwezi uliopita, nikakivunja nacho. Kilinitoa jasho, kikapasuka polepole, kikabaki na manyoya. Nikavichukua vyote viwili mpaka ofisini, nikaviweka juu ya meza mbele ya Kaka.

Alivitazama muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye ule ulaini, mara moja, mara ya pili. Nilimwona, jamani. Nilimwona mtu anayeanza kuelewa, na moyo wangu ukashuka mahali pake.

Halafu akasema, "Hiki kilikaa pembeni mwa tanuri. Moto haukukifikia sawasawa."

"Kilikaa katikati. Nilikiweka mwenyewe."

"Pembeni!"

"Katikati, Kaka, usijitie upofu!"

Alinishika shingo akaukandamiza uso wangu juu ya meza, juu ya vile vipande. Kovu hili la shavuni ni la hapo. Aliniinamia, akanong'ona karibu na sikio, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa inaomba. "Anayeendesha ni Breki. Unadhani ningempa Breki kitu kibovu? Nampenda yule kuliko wewe unavyompenda."

Na mimi nilimwamini. Ndilo lililonivunja nguvu. Angekuwa mwongo ningejua la kufanya, lakini Kaka alikuwa anasema kweli yake. Alikuwa tayari kumpakia mtoto wa mama kwenye lori lenye tani ishirini za mawe kwa sababu nyundo imelia vizuri.

Nilimpigia simu mkuu wa machimbo. Nilimweleza yote, mizani, mlio, shahidi. Akanisikiliza kwa adabu. Mwisho akasema, "Dada, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Hayo yamalizeni nyumbani." Akakata.

Jumatano mchana nikamfuata Breki. Alikuwa anapiga pasi shati la kesho.

"Mh! Nani kakurembesha hivi?" akauliza akinigusa shavu.

"Breki, kesho usiende."

"Kaka keshaniambia utakuja."

"Zile diski zitapasuka. Kwenye kona, zikishapata moto, ukikanyaga kwa nguvu zitapasuka. Nimemvunja shahidi."

Akacheka. Ana kicheko cha mama, watu wanasema, mimi kile cha mama nimekisahau. "Dada yangu, tangu nizaliwe ninyi wawili mnatwangana. Nikingoja kujua nani mshindi nitazeeka. Kaka anasema zimelia kama kengele. Wewe unasema zimelia mno. Mimi nifanye nini, nikazisikilize tena?"

"Unisikilize mimi."

"Nakusikiliza siku zote," akasema, akaendelea kupiga pasi kola.

Nililala nimevaa viatu. Sikuwa na mpango wowote, asije mtu kuwaambia nilipanga.

Alhamisi saa tatu kasoro lori lilikuwa limesimama uani, limejaa mawe, diski zimefungwa. Kaka alikuwa ameenda getini kuwapokea wageni na kuwapeleka mpaka kwenye jukwaa la kutazamia, kule chini ya mteremko. Uani tulikuwa Mshonaji, makanika, Breki na mimi. Breki amekaa kwenye ngazi ya karakana, shati jeupe, anafunga kamba za viatu. Mguu wa kushoto ameukunja. Wa kulia, ule wa kukanyagia breki, ameunyoosha mbele yake.

"Usiende," nikasema.

"Dada, acha bwana."

Nyundo ilikuwa kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Sikumbuki kuitoa. Nakumbuka uzito wake, na mpini uliolainishwa na kiganja cha baba, na nakumbuka nilichagua mahali, chini kidogo ya goti. Nikaishusha kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nilijua mara ya pili sitaweza.

Kwanza hakupiga kelele. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza nilipompa dawa chungu. "Dada?" akaniuliza. Kisha akauona mguu wake, mfupa umetokeza kwenye suruali, na hapo akalia, kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mwanadamu mzima. Nilimwangukia, nikamkumbatia kichwa, namwambia hutakwenda, hutakwenda, hutakwenda. Akanitemea mate usoni. Makanika alinivuta kwa nywele akanitupa pembeni, wakambeba yeye na Mshonaji mpaka kwenye pikapu, na makanika akaondoka naye kwenda hospitali, anapiga honi mpaka barabarani.

Nilibaki nimekaa chini nimetulia kabisa. Haki vile, nilitulia. Dereva hakuna, safari hakuna.

Kaka alirudi mbio. Aliona damu kwenye ngazi, akaiona nyundo chini. Akaiokota kwanza. Akaifuta kwa shati lake, akairudisha kwenye msumari. Ndipo akanijia.

Kupigwa na Kaka nilikuzoea, lakini siku ile haikuwa kupigwa kwa ndugu. Alinipiga kwa ngumi, nikampiga na spana ya gurudumu kwenye sikio, likachanika, akaninyang'anya. Alinipiga kwa buti. Mbavu mbili nilizisikia zinakwenda, moja baada ya nyingine. Nilimkwaruza macho, nilimpiga teke pale panapouma, akaanguka akanivuta, tukaviringika kwenye mafuta na vumbi la kaboni mpaka sote tukawa weusi. Mshonaji anapiga mayowe, "Mtauana! Jamani mtauana!" Mwishowe Kaka alinikalia kifuani, ameinua ngumi, akaishia hapo. Pumzi zilimwishia. Alikuwa analia.

"Mtoto wa mama," akasema. "Umemvunja mtoto wa mama, kwa ajili ya gramu kumi na nane."

Akasimama. Akaangalia lori. Kule chini wageni walikuwa wanapiga honi, wanasubiri. Funguo zilikuwa zimeanguka pale Breki alipoketi, akaziokota.

Hili sikulifikiria. Nilimfikiria Breki peke yake siku tatu nzima, mchana na usiku. Kwamba Kaka naye ana miguu miwili na anajua kuendesha, halikunijia hata mara moja.

Aliweka mguu kwenye ngazi ya lori, mkono kwenye mlango, akageuka. Sikio linamning'inia, uso mweusi, macho mekundu.

"Una neno lingine?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeshamwambia mara tatu, mara ya mizani, mara ya mlio, mara ya shahidi, na ya nne ilikuwa mdomoni pamoja na damu. Kaka, shuka. Ni neno dogo. Na ule mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooka mbele yangu, kama wa Breki. Spana ilikuwa karibu na mkono wangu. Mbavu zinaniwaka, jicho moja limefunga, miaka arobaini ya makofi imenijaa kooni.

"Nenda," nikasema.

Kutoka uani unauona mteremko wote juu ya ukuta. Lori lilianza vizuri. Kona ya kwanza akapunguza, likatii, halikutoa hata moshi. Na mnajua nilihisi nini? Nilikasirika. Nilikasirika kwamba zimeshika, kwamba ataonekana yeye ndiye mwenye akili na mimi kichaa niliyevunja mguu wa mtu bure. Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu kona ya kwanza.

Kona ya pili nikasikia kabati la vyombo linaanguka. Ndivyo ilivyolia, kama sahani nyingi kwa pamoja, halafu mara ya pili, diski ya upande wa pili. Lori likanyooka badala ya kukata. Likaukumba mwamba, kichwa kikasimama, mawe hayakusimama. Tani ishirini zilikuja mbele juu ya kichwa cha lori.

Nilikimbia na mbavu zangu. Nilifika kabla ya wageni. Kipande cha diski kilikuwa kimepita kwenye sakafu ya lori kikamkata paja mpaka ndani, na usukani ulikuwa umemwingia kifuani. Lakini alikuwa anaona. Nilipanda juu ya mawe, nikauingiza mkono dirishani nikaushika wa kwake, uleule niliokuwa nimeung'ata, kidonda bado kibichi.

"Mdogo wangu," akasema. Hakuwa ameniita hivyo tangu tukiwa watoto. "Si ililia?"

"Ililia, Kaka."

"Vizuri."

"Vizuri sana."

Akajaribu kusema kitu cha pili, ikatoka damu. Niliendelea kuushika ule mkono hata walipokuja kunitoa, na iliwabidi wanibandue vidole kimoja kimoja.

Polisi walipokwenda hospitali kumuuliza Breki juu ya mguu, aliwaambia ameanguka kutoka kwenye lori. Makanika akasema hivyo hivyo. Mshonaji akasema hivyo hivyo. Mimi hakuna aliyeniuliza, nilikuwa nimefungwa bandeji mpaka puani.

Karakana sikuifunga. Nilibadilisha mpira wa mlango, nikaanza upya na kitambaa kipya. Sasa kila shahidi anavunjwa, na namvunja mwenyewe. Nyundo iko kwenye droo. Hakuna anayegonga chochote.

Breki hakuniongelesha miezi minne. Wiki iliyopita alikuja, na mkongojo, mguu umepona lakini umebaki mfupi. Alikaa kwenye kiti cha Kaka bila kukaribishwa. Nikampa chai, hakuigusa. Nikamwekea mbele vile vipande viwili, kile laini na kile cha manyoya. Alivipapasa kwa kidole gumba kama Kaka alivyofanya.

"Kwa hiyo ulikuwa sahihi," akasema.

"Ndiyo."

"Ningekuwa mimi mle ndani."

"Ndiyo, Breki."

Nilidhani sasa atanishukuru, nisiwafiche. Nilikuwa nimeshaanza kulia tayari, nimenyoosha mkono nimshike.

"Mshonaji ameniambia Kaka alikuuliza kama una neno lingine."

Mkono wangu ukabaki juu ya meza.

"Mguu wangu uliuvunja ili nisiende," akasema Breki. Hakupandisha sauti, na kwetu sisi hatujui kusema bila kupandisha sauti. "Wa Kaka mbona uliuacha?"

Nikataka kusema nilikuwa chini, nimeumizwa, mikono haina nguvu, na yote hayo ni kweli. Lakini yule nilimlea mimi, nikimdanganya anajua.

"Hasira," nikasema. "Nilikuwa na hasira naye."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Akavirudisha vipande mezani, akavipanga vizuri sambamba, akachukua mkongojo wake akatoka. Aliuacha mlango wazi. Mlango ule ukiachwa wazi vumbi linaingia kwenye vitambaa, kila mtu hapa anajua, na mimi humfokea yeyote anayeusahau. Sikunyanyuka kuufunga.